Ukoga, Ugaga na Mkono Ukwanguao: Habari za Ugonjwa wa Fizi na Dawa Yake

I. Maneno tuliyo nayo

Yako maneno matatu katika Kiswahili ambayo wasemaji wengi huyachanganya, nayo ni ukoga, ugaga na kiseyeye. Ukoga ni utando laini ushikao juu ya meno, ule auonao mtu aamkapo asubuhi, na ambao waweza kuondoka kwa mswaki au hata kwa ukucha. Ugaga ni ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama chokaa. Huo hauondoki kwa mswaki, hata mtu akisugua mpaka mkono uchoke. Kiseyeye ni ugonjwa ule wa mabaharia wa zamani waliokaa miezi mingi baharini bila matunda wala mboga, hata fizi zao zikavimba na kutoka damu. Walakini siku hizi kila mwenye ufizi utokao damu huambiwa kwamba ana kiseyeye, na wengi hawatofautishi kabisa kati ya ukoga na ugaga.

Mchanganyo huu si jambo dogo. Mtu aaminiye kwamba ana kiseyeye hula malimau, kisha hungoja. Mtu aaminiye kwamba meno hulegea kwa sababu ya uzee hungoja bila hata malimau. Mwisho wao ni mmoja: jino latikisika, usaha watoka, naye mgonjwa aenda kwa mganga wa meno ili ling'olewe. Wazee wetu walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Nasi twaona kwamba wengi wapatao mapengo wangaliweza kukaa na meno yao, kama ugonjwa wao ungalitambuliwa mapema na kutibiwa mahali ulipo.

Dawa yenyewe ni kukwangua: kuondoa ukoga na ugaga, si juu ya jino tu, ila hata chini ya ufizi, juu ya mzizi. Kazi hiyo ni ya zamani sana kuliko elimu iliyokuja kueleza kwa nini yaponya. Tumeona yafaa kuandika habari zake kwa utaratibu, kwa maana walimu na makasisi ndio waulizwao maswali haya vijijini kabla ya tabibu.

II. Makao ya ugonjwa

Jino lina kichwa kionekanacho kinywani, na mzizi uliopandwa katika mfupa wa taya. Kati ya mzizi na mfupa pana nyuzi ndogo sana zilikazazo jino mahali pake. Ufizi nao umelizunguka jino shingoni kama ukosi wa kanzu, na kati ya ukosi huo na jino pana mwanya mwembamba, ambao kwa mtu mwenye afya kina chake kwa kawaida hakizidi milimita 3. Mwanya huo ndio mlango wa ugonjwa.

Zamani tulifundishwa kwamba ukoga ni mabaki ya chakula. Kwa kweli ukoga ni mji wa vijidudu visivyohesabika, vilivyoshikamana pamoja katika utando vilioufanya vyenyewe. Usipoondolewa, madini yaliyomo katika mate huuingia, nao hugeuka kuwa ugaga. Ugaga ulio juu ya ufizi huwa mweupe au wa manjano, nao hupenda kukaa nyuma ya meno ya mbele ya chini, na ubavuni mwa magego ya juu, yaani karibu na mahali mate yatokeapo. Ugaga ulio chini ya ufizi huwa wa rangi ya kahawia au mweusi, nao hushika mzizi kwa nguvu zaidi. Uso wake huparuza, na ukoga mpya hupata maskani juu yake kila siku.

Mwili hupigana na vijidudu hivyo. Ufizi huwa mwekundu, huvimba, na hutoka damu uguswapo na mswaki. Ugonjwa ukiwa umefika hapo tu, waweza kurudi nyuma kabisa. Lakini kwa watu wengine huendelea: nyuzi huachana na mzizi, mfupa huliwa kidogo kidogo, na ule mwanya huwa mfuko wa milimita 5, 6 au zaidi, ambao mswaki hauwezi kufika chini yake. Hapo harufu mbaya hutoka, na usaha, na meno huanza kutengana na kutikisika. Mara nyingi mgonjwa hasikii maumivu yo yote mpaka karibu na mwisho, na hii ndiyo sababu kubwa ya kuchelewa kwake.

III. Cordoba, na Delft, na Paris

Mtu wa kwanza ambaye maelezo yake juu ya kazi hii yametufikia kwa ukamilifu ni Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia karibu na mji wa Cordoba, aliyekufa yapata mwaka 1013. Katika kitabu chake kikubwa kiitwacho al-Tasrif, chenye sehemu 30, alieleza jinsi maganda magumu yashikavyo meno ndani na nje na kati ya fizi, hata meno yakageuka rangi na fizi zikaharibika. Akaagiza mgonjwa akae mbele ya tabibu na kulaza kichwa mapajani mwake, kisha akwanguliwe mpaka pasibaki kitu. Na kama kazi haikwisha siku hiyo, irudiwe siku ya pili, na ya tatu. Akachora vyuma vyenyewe vya kukwangulia, vya maumbo mbalimbali, kwa kuwa aliona ya kuwa chuma kifaacho upande wa nje wa jino hakifai upande wa ndani, wala hakifai katikati ya meno mawili. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikitafsiri kitabu chake cha upasuaji kwa Kilatini, na waganga wa Ulaya wakakisoma kwa muda wa karne nyingi.

Hapa tukumbuke kwamba neno letu mswaki latoka katika lugha hiyo hiyo ya Kiarabu, miswak, nalo ni jina la kijiti na la mti pia. Watu wa pwani walipokea kijiti hicho pamoja na mafundisho ya dini yao juu ya usafi wa kinywa. Hata brashi ya kiwandani ilipokuja, Waswahili hawakutafuta jina jingine. Waliiita mswaki vile vile. Basi sehemu moja ya elimu hii, ile ya kila siku, tumekuwa nayo siku zote. Sehemu tuliyoikosa ni ile ya al-Zahrawi: mkono wa fundi ufikao pasipofika kijiti.

Sababu ya ugonjwa ilianza kuonekana katika mji wa Delft, nchi ya Uholanzi. Antoni van Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa nguo, naye alitengeneza kwa mikono yake vioo vya kukuzia vitu vidogo. Katika barua yake ya tarehe 17 Septemba 1683 kwa wataalamu wa London alieleza kwamba ametoa ukoga katika meno yake mwenyewe, ambayo alikuwa akiyasugua kwa chumvi kila siku, akauangalia, akaona viumbe vidogo vikienda huko na huko. Akaangalia na ukoga wa mzee ambaye hakuwahi kusafisha meno maisha yake yote, akaona kundi kubwa mno. Kisha akajaribu siki. Siki iliua viumbe vya nje, lakini haikupenya ndani ya ukoga ulioshikamana, na vile vya ndani havikufa.

Jambo hilo la siki tungependa msomaji alishike. Zimepita zaidi ya miaka 300, na dawa za kusukutua zimekuwa nyingi na nzuri, lakini kanuni ile aliyoiona muuza nguo haijabadilika. Vijidudu vikaavyo pamoja katika utando wao hujilinda, na dawa imwagwayo juu yao haiwamalizi. Hapana budi utando wenyewe uvunjwe. Hata dawa za kuua vijidudu zimezwazo, zilizopatikana katika karne ya 20, haziwezi kushika mahali pa kukwangua. Tabibu huziongeza kwa wagonjwa wachache tu.

Mwaka 1728 Pierre Fauchard wa Paris alichapisha kitabu cha mabuku mawili juu ya kazi ya mganga wa meno. Tangu hapo kazi hiyo, iliyokuwa mikononi mwa vinyozi na watu wa sokoni, ilianza kuhesabiwa kuwa elimu. Fauchard alieleza vyuma vitano vya kukwangulia ugaga, kimoja chenye umbo la mdomo wa kasuku, na akakataa desturi ya kumketisha mgonjwa chini. Akamweka juu ya kiti. Ugonjwa wa fizi aliuita namna ya kiseyeye. Kwa hiyo wasemaji wetu wasione haya sana kwa kuchanganya majina, kwa maana bingwa wa Ufaransa naye alilitumia jina hilo hilo. Tofauti ni kwamba alikwangua.

IV. Riggs, na kosa la kung'oa

Katika karne ya 19 mahali pa mabishano palikuwa Marekani. John Riggs wa mji wa Hartford ndiye aliyemng'oa jino mwenzake Horace Wells tarehe 11 Desemba 1844, hali Wells amevuta hewa ya kuondoa maumivu, jambo lililofungua njia ya ganzi katika uganga wa meno. Baadaye Riggs alitumia muda mwingi kwa ugonjwa wa fizi. Wakati huo wengi walidhani kwamba ugonjwa huu watoka katika damu au katika udhaifu wa mwili mzima, na kwamba hauna tiba ila kukata ufizi au kung'oa. Riggs alisema la: chanzo ki juu ya jino lenyewe, na tabibu aingize chuma chini ya ufizi, aondoe ugaga wote, aulainishe mzizi, na ufizi utapona wenyewe. Mwaka 1876 maneno yake yalichapishwa, na kwa muda mrefu Wamarekani waliuita ugonjwa huu kwa jina lake.

Ingalifaa habari hii iishe hapo, lakini haikuisha. Mwaka 1910 tabibu wa Uingereza, William Hunter, alihutubia huko Montreal akashutumu meno mabovu yaliyofunikwa kwa dhahabu, kwamba ni visima vya sumu vinavyoutia mwili wote ugonjwa. Alikuwa na haki ya kushutumu kazi chafu. Lakini wafuasi wa fikira hiyo walikwenda mbali. Katika miaka iliyofuata wagonjwa wengi, wenye baridi yabisi, wenye maumivu ya tumbo, hata wenye wazimu, waling'olewa meno yote kwa tumaini la kupona. Mwaka 1938 Cecil na Angevine walichapisha uchunguzi wao wa wagonjwa 200 wa baridi yabisi, nao walionyesha kwamba kung'oa hakukuleta faida iliyotazamiwa. Cecil mwenyewe hapo kwanza alikuwa miongoni mwa walioiunga mkono fikira ile. Mtu akubaliye kukosolewa na hesabu yake mwenyewe astahili heshima, lakini meno yaliyokwisha kung'olewa hayakurudi.

Tunataja habari hiyo si kwa kuwadharau waliotutangulia. Siku hizi matabibu wasema tena, na kwa ushahidi ulio bora, kwamba fizi na mwili huhusiana. Mathalan ugonjwa wa sukari huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zilizo wagonjwa hufanya sukari iwe ngumu kutawalika. Lakini shauri litokalo katika elimu hiyo ni kusafisha na kuponya. Kung'oa ni kwa jino lisiloweza kuokolewa tena.

V. Ushahidi wa Aarhus, na habari za Sri Lanka na Machakos

Katika nchi ya Denmark, mwaka 1965, Harald Löe na wenzake wa mji wa Aarhus walichapisha jaribio lililo rahisi ajabu. Watu 12 wenye fizi nzuri waliacha kabisa kusafisha meno. Wengine katika siku 10, wengine katika majuma mawili au matatu, fizi za wote ziliugua. Wakaanza tena kusafisha, na kwa muda wa kama juma moja fizi zikapona. Baada ya hayo haikuwezekana tena kubishana juu ya chanzo cha ugonjwa wa ufizi.

Lakini je, kila ufizi mgonjwa huishia katika kupoteza meno? Löe huyo huyo na wenzake waliwafuata wanaume 480 wafanyao kazi katika mashamba ya chai ya Sri Lanka, tangu mwaka 1970 mpaka 1985. Watu hao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno wala hawakuwa na tabibu wa meno. Asilimia 8 ugonjwa uliwaendea mbio, asilimia 81 uliwaendea kwa kiasi, na asilimia 11 haukupita ufizi, ijapokuwa meno yao nayo yalikuwa na ukoga na ugaga.

Habari za huku kwetu zafanana nazo. Mwaka 1988 Baelum, Fejerskov na Manji walichapisha uchunguzi wa watu wazima wa Machakos, Kenya. Walikuta ukoga na ugaga kwa wingi, lakini mifuko mirefu na hasara kubwa ya mfupa ilikuwa kwa watu wachache, na katika meno machache ya watu hao. Basi yatupasa kusema kweli yote: ugaga si hukumu ya kupoteza meno. Mwili wa mtu, na tumbaku avutayo, na sukari iliyo katika damu yake, vina sehemu yao. Kwa hiyo tabibu hana budi kupima kila jino kabla ya kukwangua, wala asidhani kwamba Mwafrika mwenye ugaga amekwisha kupotea, kama walivyodhani wageni wengine zamani.

VI. Kazi yenyewe ifanywavyo

Tabibu huanza kwa kipimio chembamba chenye alama za milimita, akakiingiza taratibu kati ya jino na ufizi mahali sita kulizunguka kila jino, akaandika kina na kama damu imetoka. Picha ya eksirei humwonyesha mfupa uliobaki. Penye mifuko mirefu humpa mgonjwa sindano ya ganzi. Kisha hukwangua kwa vyuma vya mkono vilivyopindwa kwa namna mbalimbali, au kwa chombo cha umeme kilichoanza kutumika katika miaka ya 1950, ambacho ncha yake hutetema upesi mno huku kikimwaga maji. Kazi yaweza kufanywa kinywa chote pamoja, au sehemu kwa sehemu kwa siku mbalimbali. Matokeo hayatofautiani sana.

Zamani walimu wa kazi hii walitaka mzizi uparuliwe mpaka uwe laini kama kioo, kwa kuwa walidhani sumu imepenya ndani ya tabaka lake la nje. Katika miaka ya 1980 ilionekana kwamba sumu hiyo imeshika juu juu tu. Kwa hiyo leo fundi mwema huondoa ugaga na ukoga, naye huuhurumia mzizi.

Baada ya kazi ufizi huwa na uchungu siku chache. Uvimbe ukishuka, ufizi hurudi chini na meno huonekana marefu zaidi, nayo huhisi baridi. Mgonjwa asiyeambiwa haya mapema hudhani ameharibiwa, naye harudi tena. Baada ya miezi kama mitatu hupimwa upya. Wataalamu wa Marekani waliokusanya uchunguzi mwingi mwaka 2015 waliona kwamba faida ya kushikamana kwa ufizi na jino ni wastani wa nusu milimita, kupita pasipotibiwa. Nusu milimita yaweza kuonekana ndogo, lakini ugonjwa huu hula kidogo kidogo, na kuuzuia usiendelee ndiyo faida kubwa. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi kwa kukwangua. Mifuko mirefu isiyopona huenda ikahitaji ufizi ufunguliwe kwa upasuaji ili mkono ufike.

Nayo kazi yote ni bure kama mgonjwa hasafishi meno kila siku. Vijidudu hurudi katika mifuko kwa majuma machache. Mwaka 1819 Levi Spear Parmly alishauri watu wapitishe uzi wa hariri uliopakwa nta kati ya meno yao, na shauri hilo halijachakaa.

VII. Neno kwa walimu

Mwaka 1906 Alfred Fones wa Bridgeport, Marekani, alimfundisha msaidizi wake Irene Newman kukwangua na kusafisha meno ya wagonjwa, na mwaka 1913 akafungua shule ya wanawake wa kazi hiyo. Waliomaliza walipelekwa kwanza katika shule za watoto za mji huo. Fones aliona kwamba shule ndiyo mahali pa kuanzia, nasi twaona vivyo hivyo.

Hatuwezi kuwapa wasomaji wetu vyuma, wala mwalimu asijaribu kukwangua kwa kisu au msumari, kwani ataujeruhi ufizi. Lakini aweza kufundisha mambo manne. Kwanza, ufizi utokao damu ni mgonjwa, na dawa yake ni kusafisha kwa uangalifu zaidi. Wengi huacha kupiga mswaki pale penye damu, nao hufanya kinyume cha itakiwavyo. Pili, mswaki wa kijiti, ukitafunwa ncha na kutumiwa vema nje na ndani, wafaa. Tatu, ugaga hauondoki nyumbani. Nne, jino litikisikalo kwa mtu wa miaka 40 si uzee, bali ni ugonjwa, na aende kupimwa kabla ya kukubali ling'olewe.

Tena afundishe maneno yenyewe. Mtoto ajuaye kwamba ukoga wa leo ndio ugaga wa kesho ameshika nusu ya elimu hii. Husemwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kinywa ukuta ni mfupa, nao hakuna fundi auwezaye kuujenga kama ulivyokuwa.